Posho ya Jozi

Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu litaburuzika sakafuni, litachafuka, na msimamizi atakurudishia ukalifue upya huku wenzako wanakucheka. Ndiyo maana katika kiwanda kile cha kufulia, kilichofua mashuka ya hoteli na hospitali za mji mzima, chumba cha kukunjia kilikuwa cha watu wawili wawili. Huyu anashika ncha mbili, yule anashika ncha mbili, wanalivuta mpaka linyooke, halafu wanasogeleana. Mikono inakutana. Mmoja anapokea ncha zote, mwingine anainama kuudaka mkunjo, wanarudi nyuma, wanasogeleana tena.

Sasa niambie wewe. Binti wa watu na kijana wa watu wasogeleane hivyo kutwa nzima, mikono ikutane juu ya kitambaa chenye joto la pasi, halafu pasitokee kitu? Kilitokea, tena kilitokea mapema.

Binti, kazini walimwita Chiriku. Jina alilipata kwa haki, maana mdomo wake haukujua likizo. Kijana walimwita Taratibu. Alikuwa mgeni, amevuka mpaka kutafuta maisha kama walivyovuka nusu ya wafanyakazi wa pale, na siku ya kwanza alipowekwa na Chiriku, binti alilivuta shuka kama anayevuta mbuzi mkaidi. Kijana akasema kwa lafudhi ya kwao, "Taratibu, dada. Halikimbii." Chumba kizima kikacheka, jina likamganda. Chiriku alicheka kuliko wote, halafu jioni akajikuta yuko kitandani anaitafuta ile sauti kichwani mwake.

Aliyewaweka pamoja alikuwa kaka yake Chiriku, msimamizi wa chumba cha kukunjia. Jozi iliyokunja haraka na vizuri ilikuwa na nyongeza yake, wenyewe wakiiita posho ya jozi, na jozi ya Chiriku na Taratibu haikuwa na mpinzani. Kila mwisho wa mwezi kaka alimpa mdogo wake posho mkononi. Chiriku aliipokea akiamini mwenzake naye ameshapewa yake. Wenyeji walilipwa Alhamisi, wageni walilipwa Jumamosi jioni wenyeji wakiwa wameshakwenda makwao, na yeye aliuona huo kuwa ni utaratibu tu wa ofisi. Hakuuliza. Mtu aliyezoea kusema sana mara nyingi hapati nafasi ya kuuliza.

Basi mapenzi yakakomaa mpaka yakadai kutoka hadharani. Jumapili moja alasiri, Taratibu akaja nyumbani kwa kina Chiriku kujitambulisha.

Shati alilovaa lilikuwa limenyooka sawasawa, la mtu anayeijua pasi. Viatu ndivyo vilivyomsaliti. Alivivua mlangoni akavipanga kando ya viatu vipya vya kaka, na Chiriku akamwona mama yake akivitazama vile viatu, jinsi vilivyoshonwa na kushonewa juu ya mshono, kisha akageuza uso haraka kama mtu aliyemfumania mwenzake anaoga.

Sebuleni walikuwa watatu wakimsubiri. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa na raha. Kaka, aliyelazimishwa kuwepo, ameketi karibu na dirisha na rimoti mkononi, anatazama televisheni iliyozimwa sauti. Na shangazi, dada yake marehemu baba, mwanamke mnene mwenye ulimi wa kuchoma, ambaye alikuwa ameshika kochi kubwa peke yake.

"Na wenzako wako wapi?" shangazi akaanza, hata salamu hazijapoa. "Au umekuja kutazama nyumba ya kupanga?"

"Nimekuja peke yangu, shangazi. Ndugu zangu wako mbali."

"Mbali kuna mabasi, baba."

"Mabasi yapo. Nauli ndiyo ilikuwa mbali."

Chiriku akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Mama akaingia na chai, akampa kila mtu kikombe, na Taratibu akapewa kile kilichokatika mkono. Vikombe vizima vilikuwapo kabatini. Chiriku alimkata mama yake jicho, mama akajifanya hakuona, na Taratibu akakipokea kwa mikono yote miwili akashukuru kama aliyepewa cha dhahabu.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mimi sina ubaya na mtu. Ila baba wa huyu binti hayupo, na mahali pake nimesimama mimi. Nitakuuliza maswali ya kibaba. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia. Uliza tu."

"Unalala wapi?"

"Nimepanga na wenzangu. Chumba kimoja, wanaume watano."

"Watano!" Mama alishindwa kujizuia. "Na mwanangu awe wa sita?"

"Hapana, mama. Nikioa nitatafuta chumba chetu."

"Utakitafuta kwa kitu gani?" shangazi akauliza.

Hapo mdomo wa Chiriku ukamwasha. Alikuwa amejiapiza tangu jana kwamba atanyamaza, atakaa kama binti aliyelelewa, lakini kumwona Taratibu amejikunyata na kile kikombe, anajibu kama mshitakiwa, kulimchoma moyo.

"Shangazi, jamani! Mnamwuliza kama mwizi! Huyu analipwa kama ninavyolipwa mimi. Kazi yetu moja, shuka letu moja, posho yetu ya jozi. Ninachopata mimi ndicho anachopata yeye. Kama hamniamini mwulizeni kaka, si yeye anayetupa?"

Kaka akakohoa. "Ya kazini tuyaache kazini," akasema, macho kwenye televisheni.

"Mnapata sawasawa?" shangazi akauliza polepole.

"Sawasawa kabisa!" Chiriku akajibu kwa ushindi, akamgeukia mpenzi wake kumpa tabasamu. Taratibu hakulipokea. Alikuwa ameinamisha uso kwenye chai.

Shangazi akaweka kikombe chake chini. Ukimwona mwanamke yule anaweka kikombe chini, jua mtu anakwenda kuumia.

"Kochi hili nililokalia, mwanangu, kalinunua huyu binti. Friji ile pale, kamnunulia mama yake. Bati la nyumba hii lilikuwa linavuja, limebadilishwa na huyu huyu. Mdogo wake anasoma kwa jasho lake. Haya. Kazi hiyo hiyo, malipo hayo hayo. Wewe una nini? Mnalala watano kama njiti za kiberiti, na viatu vyako nimeviona. Hela inakwenda wapi?"

"Namtumia mama yangu."

"Mama mmoja anazimaliza zote? Ana matumbo mangapi?"

"Wifi, basi," mama akasema kwa aibu.

"Niache, wifi. Mwanamume anayepata na hana kitu, kama si mlevi basi ana nyumba mahali. Ulevi sikuoni nao, macho yako meupe. Kwa hiyo, mwanangu, bila hasira, tuambie. Huyo mke yuko wapi, na watoto wangapi?"

Taratibu akainua uso. Hakumtazama shangazi wala Chiriku. Alimtazama kaka, akamtazama kwa muda, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani. Kaka akajikuna goti.

"Sina mke, shangazi," Taratibu akasema mwishowe. "Sijawahi kuwa naye."

"Na hela?"

"Hilo naomba nisilijibu hapa."

Hapo wivu ukamwingia Chiriku. Akakumbuka Jumamosi zote ambazo Taratibu alikataa kutoka naye. "Jumamosi jioni nina shughuli," ndilo lilikuwa jibu, siku zote hilo hilo. Akakumbuka zile simu za kwao, anazozipokea nje, kwa lugha ambayo yeye haielewi. Mambo aliyoyapuuza kwa kicheko yakajipanga mbele yake, kila moja likimnyooshea kidole.

"Taratibu," akasema, na ubaridi wa sauti yake ukamshtua mwenyewe. "Jibu. Kama kuna mtu, mseme hapa hapa, nisije nikaumbuka baadaye."

Kijana akageuka akamtazama. Macho yale, ambayo kila asubuhi yalimpokea ng'ambo ya shuka kama aliyerudi kutoka safari, yalikuwa yametoka nje ya mapenzi kabisa.

"Hata wewe?"

"Nauliza tu."

Akakiweka kikombe mezani kwa uangalifu, akikishika kwa ukingo. "Mama, asante kwa chai. Shangazi, maswali yako yalikuwa ya haki. Naomba ruhusa niende."

Akavaa viatu vyake bila kuinama kuvifunga, akatoka.

Chiriku alimkimbilia pekupeku. Akamfikia kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo na mtaro, ambapo majirani wawili waliokuwa wanaanua walipunguza mwendo wa mikono ili masikio yafanye kazi.

"Simama! Utaniacha hivi hivi mbele ya watu wangu?"

"Wewe ndiye umeniacha, Chiriku. Mle ndani."

"Mimi nimekutetea!"

"Umenitetea mpaka nikakosa pa kusimama."

"Basi niambie mimi. Hapa hakuna shangazi. Jumamosi unakwenda kwa nani?"

Akavuta pumzi. Chiriku aliijua pumzi ile; ndiyo aliyoivuta shuka likija na doa lisilotoka.

"Jumamosi nakwenda kupokea mshahara. Nikitoka pale nakwenda sokoni kupakua magunia mpaka waniambie basi. Ya kiwandani naituma nyumbani, ya magunia nakula."

"Magunia?" Chiriku akacheka kicheko kikavu. "Una mshahara, una posho, ukabebe magunia? Nitafutie uongo mwingine."

"Posho gani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Hilo ndilo lililomkata Chiriku kicheko.

"Wageni hatuna posho ya jozi," Taratibu akasema. "Hatujawahi kuwa nayo. Na mshahara wangu haufiki nusu ya wako."

"Muongo."

"Haya."

"Tunakunja shuka moja!"

"Ndiyo, tunakunja shuka moja. Siku kaka yako aliponileta mezani kwako, aliniambia hivi: 'Huyu ni mdogo wangu. Kunja naye vizuri, apate posho.' Nikamwambia, ndiyo, mkuu. Hivyo ndivyo nilivyotambulishwa kwako."

Aibu ilimwanzia Chiriku miguuni, pale alipokanyaga ardhi pekupeku, ikapanda polepole mpaka masikio yakawaka moto. Aliona kochi. Aliona friji. Akajisikia akisema mbele ya watu, kwa mbwembwe, kwamba wanapata sawasawa kabisa. Alitamani majirani wale wafe ghafla, halafu akatamani afe yeye.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanzoni nilidhani unajua."

Neno hilo lilimpiga kuliko kofi. "Ulidhani ninajua na bado ukanipenda?"

"Sikukupenda siku hiyo. Nilikupenda ulipokuja kazini ukaniambia umemnunulia mama friji. Uliimba kutwa nzima, unaimba vibaya, unanikanyaga miguu. Nikaelewa kwamba hujui. Nikasema moyoni, nikimwambia huyu, haimbi tena." Akatabasamu kidogo, na tabasamu lenyewe likazidi kumuumiza binti. "Nikaahirisha. Nikazidi kuahirisha. Ikawa siri, na siri ikikaa sana inanuka kama uongo. Shangazi yako amenusa tu."

"Nitakurudishia. Yote."

"Utanirudishia nini? Bati?"

"Nitakwenda kwa bosi kesho asubuhi. Nitamwambia alipe watu sawa. Nitapiga kelele mpaka..."

"Ukipiga kelele, hafukuzwi kaka yako wala wewe. Nafukuzwa mimi. Kibali changu ni cha kiwanda kile. Nikitoka pale hakuna mwingine anayeruhusiwa kuniajiri. Natakiwa nirudi kwetu. Mama kwetu anatumia dawa, Chiriku. Zile simu unazozionea wivu ni za kuniuliza dawa zimefika wapi."

"Kwa hiyo ulivumilia kwa ajili ya mama yako."

"Kwa ajili ya mama, na kwa ajili yako. Sitakudanganya kwamba ilikuwa kwa ajili yako peke yako. Mimi si mwimbaji wa mapenzi."

Chiriku akamshika mkono. Mkono ule aliujua kila kovu. Ukakaa ndani ya mkono wake bila kushika.

"Nisamehe," akasema. Ni neno ambalo alikuwa analitumia kila siku, akimwaga maji, akichelewa, akimkatiza mtu maneno. Leo lilimtoka likiwa zito.

"Kupunjwa nimeshakuzoea," Taratibu akasema. "Nilikotoka walinipunja ndugu zangu, hapa wananipunja wasionijua, naona afadhali hapa. Lakini leo umeniuliza mbele za watu kama nina mke. Shangazi yako hanijui, ana haki yake. Wewe umekuwa ukinishika mikono kutwa nzima. Ulikuwa unamshika nani?"

Kijana akautoa mkono wake, akainama, sasa akavifunga viatu vyake sawasawa, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeamua kwamba safari ni ndefu.

"Kesho usinisubiri getini," akasema, akaondoka.

Aliporudi ndani, shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Kakiri?"

"Amekiri, shangazi. Amekiri kwamba kochi ulilolikalia ni lake."

Akawaambia. Aliyasema yote, machozi yanamtoka na makamasi yanamtoka, bila kujali. Alipomaliza, mama alikuwa amekitazama kile kikombe kilichokatika mkono, na chai ilikuwa bado imo, nusu.

"Nimempa hiki," mama akasema kwa sauti ndogo. "Makusudi."

"Sasa si angesema!" Shangazi alijaribu kupandisha sauti, ikagoma. "Mwanamume gani anakaa kimya wakati anavuliwa nguo?"

"Angesema nini? Na kaka amekaa pale?"

Wote wakamgeukia kaka. Naye akasimama, rimoti bado mkononi.

"Mnanitazama mimi? Mimi ndiye niliyeutunga huo utaratibu? Nimeukuta. Bosi anasema wageni wanakuja wenyewe, wakikataa kuna wengine getini. Nimekuwekea fundi bora kuliko wote pale ndani ili upate, mdogo wangu. Wengine wangelipa wapewe yule."

"Ulijua, kaka."

"Kila mtu anajua." Akamtazama kwa hasira ya mtu aliyebanwa. "Hata wewe ulijua. Acha kujitia mtoto."

Chiriku alitaka kumkana. Ndipo likamjia jambo alilokuwa amelifukia. Alhamisi moja, akitoka dirishani kupokea mshahara, mwanamke mmoja wa kwenye pasi, mgeni, alimwambia akicheka, "Dada Chiriku, ukila tukumbuke na sisi tunaonusa." Naye alicheka. Alicheka sana, halafu akamuuliza kuhusu nywele zake, nani amemsuka, zimependeza. Hakuuliza wananusa nini. Aliushika ule mlango kwa mkono wake mwenyewe akaufunga, kwa ustadi, na akaenda akanunua kochi.

Akakaa chini sakafuni, maana kwenye kochi hakuweza.

"Basi hili liishie humu ndani," mama akasema, akifuta macho kwa upande wa kanga. "Kaka yako ana watoto. Kazini usilete maneno."

"Sitaleta. Na yeye kaniomba hivyo hivyo."

Hata kunyamaza kwake, alijiona, kulikuwa kunamfaa yeye.

Jumatatu hakumsubiri getini. Alipoingia kwenye chumba cha kukunjia, Taratibu hakuwepo mezani. Alikuwa upande wa pili, kwenye pasi kubwa, kwenye joto ambalo watu hupelekwa kwa adhabu. Aliomba mwenyewe, wenzake wakamwambia Chiriku, na kaka amekubali haraka hata hajamaliza kuomba. Alikuwa amewapa mgongo, mvuke unamfunika na kumfunua.

Mezani kwa Chiriku palikuwa na mama mmoja wa makamo, mgeni, ndiyo kwanza ana wiki pale kiwandani. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na uso wake ulimkumbusha Chiriku mama yake alivyo asubuhi kabla hajaamkiana na mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa leo niko na wewe."

Wakashika shuka, huyu ncha mbili, yule ncha mbili. Kabla hawajalivuta, yule mama akauliza.

"Nasikia tukienda haraka kuna nyongeza. Ya kwangu nitapewa dirishani, au nitapewa na msimamizi?"

Kaka alikuwa kando ya toroli, hatua chache tu. Akainua macho akamtazama mdogo wake. Lilikuwa jicho la nyumbani, lile la "nyamaza" linalotumika wageni wakiwa mezani, na Chiriku alilielewa tangu utotoni. Ingekuwa rahisi. Angesema, sijui, mama, tutaona mwisho wa mwezi, na siku ingekwenda, na mwezi ungekwenda, na huyu mama angekuja kugundua mwenyewe, Jumamosi moja jioni, watoto wa mjini wakiwa wameshakwenda makwao.

Jana alilia kwa aibu iliyomkuta. Hii ilibidi aitoe kwa mdomo wake, akimtazama mtu usoni.

"Hupewi, mama," akasema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kaka alisikia, na meza ya jirani ikasikia. "Wageni hawapewi. Yote inakuja kwangu mimi. Na mshahara wangu unauzidi wako, tena mbali sana, kwa kazi hii hii. Nimekwambia sasa hivi kwa sababu sikutaka ukunje hata shuka moja hujui. Ikija tutagawana mimi na wewe. Lakini wao hawatakupa."

Kaka akalisukuma toroli likagonga ukuta, akatoka. Yule mama hakushtuka. Alikuwa anasawazisha ncha zake, anatafuta pindo kwa vidole.

"Haya," akasema. "Kumbe alisema kweli."

"Nani?"

"Yule kijana wa kule kwenye pasi. Asubuhi nilimwuliza yeye swali hili hili. Akasema hawezi kunijibu, nije nikuulize wewe." Akainua uso, akamtazama binti kama anayepima kitu. "Akasema, huyo ukimwuliza hatakudanganya."

Chiriku akageuka kutazama kule kwenye pasi. Mvuke ulipanda, ukashuka. Mgongo wa Taratibu ulikuwa pale pale, na haukugeuka, na yeye hakuwa na haki ya kuuomba ugeuke. Akarudisha uso kwa yule mama ili ajibu, aseme asante, aseme lolote. Maneno yakamwisha, yeye, Chiriku, mbele ya chumba kizima, machozi yanadondoka juu ya shuka la watu.

"Vuta, mwanangu," yule mama akasema kwa upole. "Linalegea."

Akavuta.